Peni Moja kwa Wiki: Maisha ya John Wesley na Mfuko wa Maskini

Maandiko ya kusoma: Matendo 6:1-7, 1 Wakorintho 16:1-3, Yakobo 2:14-17

Jumapili iliyopita tulisoma 1 Wakorintho 16, pale Paulo anapolielekeza kanisa namna ya kuchangia watakatifu waliokuwa na shida Yerusalemu. Wengi wetu hupita hapo mbio. Sura ya 15 imejaa ufufuo, halafu ghafla sura ya 16 inaanza na mambo ya pesa. Lakini hebu irudie polepole uone mpango wenyewe. Kila juma, kila mtu, kadiri Mungu alivyombariki. Hakuna mgeni rasmi hapo, wala Paulo hataki watu waanze kukimbizana na michango siku atakapofika. Anataka akute imewekwa tayari.

Mchungaji aliniomba nifuate neno hilo kwa maisha ya mtumishi mmoja wa zamani. Mimi natumika katika kamati ya huduma ya huruma, ile inayoshughulika na bili za hospitali, chakula cha wajane na kambi yetu ya matibabu ya kila mwaka. Kwa hivyo nimemchagua John Wesley. Wengi mnamjua kama mhubiri wa uamsho. Leo nataka tumwone kama mtu aliyebeba daftari la maskini mkononi kwa miaka hamsini.

Nyumba yenye deni

Wesley alizaliwa Juni 1703 katika mji mdogo wa Epworth, Uingereza. Baba yake, Samuel, alikuwa kasisi. Mama yake, Susanna, alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wakiwa wadogo. John hakukulia kwa utajiri. Alipokuwa na miaka miwili tu, baba yake alifungwa jela mjini Lincoln kwa sababu ya deni lisilofika pauni 30. Mwaka wa 1709 nyumba yao ikaungua usiku. Watoto wengine walitolewa, John akabaki ghorofani. Majirani walipandiana mabegani mpaka mmoja akamfikia dirishani na kumvuta nje, kisha paa likaporomoka. Alikuwa na miaka mitano. Mama yake aliamini Mungu amemhifadhi kwa kazi fulani.

Alisoma Oxford, akawa mwalimu hapo hapo chuoni. Kuanzia mwaka wa 1730 yeye na marafiki wachache walianza kutembelea wafungwa katika jela ya Oxford, wengi wao wamefungwa kwa madeni, na pia wagonjwa na familia maskini za mji. Wanafunzi wenzao waliwacheka. Jina la Methodisti lilianza kama kejeli.

Siku moja ya baridi kali alimwona msichana mfanyakazi akiwa amevaa nguo nyepesi kabisa. Wesley alitia mkono mfukoni amsaidie, akakuta karibu hakuna kitu. Alikuwa ametoka kununua picha za kupamba kuta za chumba chake. Hilo lilimchoma moyo. Aliona kuta zake zimevikwa kwa pesa ambazo zingemvika yule binti.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo ningependa kila mmoja wetu alifikirie. Mwaka mmoja alipata pauni 30. Akaishi kwa pauni 28, akatoa mbili. Mwaka uliofuata alipata 60. Sasa mimi na wewe tungehama nyumba, si ndiyo? Yeye aliishi kwa 28 ile ile, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, akatoa 62. Wa nne alipata 120, akatoa 92. Mapato yalipanda, matumizi yakakaa pale pale.

Moyo kwanza, kisha mfuko

Lakini tusikosee hapa. Haya yote aliyafanya kabla hajapata amani na Mungu. Alisafiri mpaka Georgia, Marekani, kama mmisionari, akarudi amevunjika moyo, akijiona amekwenda kuwaokoa wengine wakati yeye mwenyewe hana uhakika. Ilikuwa tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo wa jioni barabara ya Aldersgate, London, ndipo alipojua kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake, yeye binafsi. Matendo mema hayakumwokoa. Ila baada ya kuokoka hakuyaacha. Yaliongezeka.

Mwezi Aprili 1739 alianza kuhubiri nje karibu na Bristol, kwa watu ambao makanisa hayakuwafikia, wakiwemo wachimba makaa ya mawe wa Kingswood. Mwaka huo huo kule London alichukua kiwanda kibovu cha zamani kilichokuwa kikitengeneza mizinga. Kiliitwa Foundery. Akakifanya nyumba ya ibada. Na kwa kuwa waliookoka walikuwa vibarua, wajane na watu wasio na kazi, shida zao ziliingia nao kanisani.

Peni iliyotembea nyumba kwa nyumba

Tarehe 7 Mei 1741 Wesley alisimama mbele ya washirika wa London akawaeleza hali ilivyo. Kuna ndugu hawana chakula. Wengine hawana nguo. Wengine wamekosa kazi bila kosa lao. Wengine ni wagonjwa karibu na kufa. Hakuwaambia wasubiri tajiri. Aliwaomba mambo mawili: kila mtu alete nguo anazoweza kuachilia, na kila mtu atoe peni moja kwa wiki, au kile anachoweza, kwa ajili ya maskini na wagonjwa.

Peni ilikuwa pesa ndogo. Peni 240 ndizo zilizofanya pauni moja. Kina mama wasio na kazi walipewa kazi ya kufuma na kulipwa bei ya kawaida, kisha wakaongezewa kulingana na shida zao. Watu 12 walichaguliwa kusimamia kazi hiyo na kutembelea wagonjwa, kila mmoja na eneo lake, kila baada ya siku moja. Jumanne jioni walikutana kutoa ripoti.

Mwaka uliofuata, Februari 1742, jambo lingine lilitokea Bristol. Kanisa lilikuwa na deni la jengo, na ndugu wakakaa kujadili watalilipaje. Nahodha mmoja aitwaye Foy alipendekeza kila mshirika atoe peni kwa wiki. Mwingine akapinga: wengi ni maskini, hawataweza. Foy hakubishana. Aliomba apewe watu 11, tena walio maskini kuliko wote. Angewapitia kila wiki. Anayeweza kutoa, atoe. Asiyeweza, yeye Foy angemlipia. Wengine nao wakakubali kuchukua watu 11 kila mmoja.

Kumbe Mungu alikuwa na mpango mkubwa kuliko deni. Wale viongozi walipoanza kuzunguka nyumba kwa nyumba waliona mambo ambayo hayaonekani Jumapili. Huyu anagombana na mkewe, yule amerudia pombe, huyu mama ana mtoto mgonjwa siku ya tatu na hajamwambia mtu. Wesley alitambua mara moja kwamba kitu alichokuwa akikitafuta siku nyingi ndicho hiki. Vikundi hivyo vikawa mahali pa kuchungana, na kila kiongozi akawa na kazi mbili: kuona hali ya roho ya kila mtu wake kila wiki, na kupokea alichotoa kwa maskini na kukipeleka kwa watunza hazina. Vikundi vyetu vya nyumbani vina undugu na vile vya Bristol.

Ukielewa hapo umeelewa huduma yake yote. Pesa na miguu vilikwenda pamoja. Yule aliyepokea peni ndiye aliyejua nani amelala njaa.

Daftari lililo wazi

Watunza hazina wake walikutana Jumanne na Alhamisi asubuhi, wakianza na kumaliza kwa maombi. Kila mwezi walileta hesabu ziandikwe katika daftari kuu. Hawakuruhusiwa kukaa na madeni, kilichonunuliwa kililipwa wiki hiyo hiyo. Na kulikuwa na sheria moja ambayo sisi wa kamati tunahitaji kuibandika ukutani: maskini anayekuja kuomba asijibiwe kwa ukali wala kuangaliwa kwa dharau. Kama hakuna cha kumpa, apewe neno la upole. Walitakiwa kujiweka mahali pa yule anayeomba. Na wasitazamie shukrani.

Kazi ilipokua, London iligawanywa katika sehemu 23, na wahudumu wa kujitolea 46 wakapangwa wawili wawili. Walimtembelea kila mgonjwa mara tatu kwa wiki, wakiuliza habari za roho yake na habari za mwili wake, kisha wakaleta hesabu kwa watunza hazina.

Zahanati ya Foundery

Wale wahudumu walirudi na habari nzito. Watu wanakufa kwa magonjwa yanayotibika, kwa sababu hawana pesa za daktari. Desemba 1746 Wesley aliwatangazia washirika kwamba ataanza kutoa dawa bure. Kesho yake wakaja watu kama 30. Katika wiki tatu wakafika kama 300. Alipata msaada wa mtengeneza dawa na wa daktari wa upasuaji mwenye uzoefu, na magonjwa magumu aliyaachia madaktari. Katika miezi mitano ya kwanza zaidi ya watu 500 walipata dawa, kwa gharama ya karibu pauni 40, yaani kama shilingi moja na nusu ya Kiingereza kwa mgonjwa. Baadhi yao hakuwahi kuwaona kabla. Hakuuliza.

Mwaka wa 1747 alitoa kitabu cha dawa za nyumbani, cha bei nafuu, kilichochapishwa tena na tena. Tuseme ukweli, baadhi ya dawa zile ukizisoma leo utacheka, na tafadhali usizijaribu. Lakini mkazo wake juu ya usafi, maji, mazoezi na kula kwa kiasi umesimama mpaka leo.

Mpendwa, sisi tunaamini uponyaji, na tutaendelea kuwekea wagonjwa mikono. Wesley naye aliomba na kuona Mungu akiponya. Hakuona vita kati ya maombi na dawa. Anayemwombea mgonjwa wa sukari halafu akamnunulia dawa hajapunguza imani.

Tena nisifiche hili: zahanati ile haikudumu milele. Iliendelea miaka kadhaa, wagonjwa wakazidi kuongezeka, mpaka gharama ikawashinda wakaifunga. Upendo haukuwa umeisha. Mfuko ndio haukuukimbia umati. Yesu alifundisha kuhusu mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama, Luka 14. Huduma ya afya bila mfuko wa kudumu hufika mahali ikasimama, hata mwanzilishi akiwa John Wesley.

Mkopo, meza na maadui

Wesley aliona pia kwamba kuna maskini asiyehitaji sadaka bali mtaji. Mwaka wa 1746 alikusanya pauni 30 na shilingi 16 za kukopesha. Mtu alikopeshwa si zaidi ya shilingi 20, akalipa kidogo kidogo kila wiki ndani ya miezi mitatu, bila riba. Katika miezi 18, watu 255 walisaidika kwa pesa hizo hizo zikizunguka. Wenye vyama hapa mnaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Baadaye kiwango kilipanda hadi pauni 5, na fundi viatu mmoja, James Lackington, akakopa kukuza duka lake dogo la vitabu. Akawa mmoja wa wauza vitabu wakubwa kabisa London. Huyu Lackington alikuja kuwaacha ndugu, akawakejeli hata kwa kitabu. Miaka ikapita, akarudi kwa Bwana akiwa amejuta. Walimkopesha bila kujua ataishia wapi. Ndivyo wema ulivyo.

Karibu na Foundery alikodi nyumba mbili ndogo kwa ajili ya wajane wazee. Wakati mmoja waliishi humo wajane tisa, mama mmoja kipofu na watoto wawili maskini. Wesley na wahubiri wenzake walikula huko, meza moja na chakula kimoja na hao wajane.

Na mwaka wa 1759, Uingereza ikiwa vitani na Ufaransa, alikwenda Knowle karibu na Bristol akakuta wafungwa Wafaransa kama 1,100, wengine wamelala juu ya majani machafu na kujifunika matambara. Jioni hiyo alihubiri kuhusu kutomwonea mgeni. Papo hapo zilipatikana pauni 18, na kesho yake zikafika 24. Zilinunua vitambaa, vikashonwa mashati, vizibao na suruali, wakagawiwa waliokuwa na shida zaidi. Kwa watu wengi wa taifa lake hao walikuwa adui.

Mzee kwenye theluji

Vitabu vyake vilimwingizia pesa nyingi, lakini hazikukaa. Mwaka wa 1776 maofisa wa ushuru walimwandikia wakiamini anaficha vyombo vya fedha ambavyo havijalipiwa kodi. Aliwajibu kwamba ana vijiko viwili London na viwili Bristol, na hatanunua vingine wakati watu wengi wanaomzunguka wanakosa mkate.

Januari 1785 alikuwa na miaka 81. Kila mwaka wakati huo walikuwa wakigawa mkate na makaa ya mawe. Mwaka huo akaona maskini wanahitaji nguo pia. Basi kwa siku tano huyu mzee alitembea mitaa ya London akiomba mlango kwa mlango, miguu ikizama katika theluji inayoyeyuka tangu asubuhi hadi jioni. Alikusanya pauni 200. Jumamosi akaanguka mgonjwa kwa kuhara vibaya, ikabidi daktari aitwe. Mtu mashuhuri kama yeye angeweza kutuma kijana.

Mwaka huo huo askari mstaafu, John Gardner, alikutana na mgonjwa masikini aliyelala sakafuni, amefunikwa gunia. Gardner aliwakusanya marafiki wachache watoe peni kwa wiki kusaidia wagonjwa wasio na mtu mjini. Wesley alipoandikiwa aliupenda mpango huo, akaahidi peni tatu kwa wiki na kutanguliza zaidi ya pauni moja. Vyama vya namna hiyo, vilivyoitwa Rafiki wa Wageni, vilienea Bristol, Dublin na miji mingine. Wahudumu walikuwa wa kujitolea, na kule Bristol msaada haukuwa kwa washirika wao kabisa, ulikuwa kwa wageni wagonjwa wasio na rafiki.

Wesley alikufa tarehe 2 Machi 1791, na miaka 87. Hakuwa malaika. Ndoa yake haikuwa na amani, na alipenda kuongoza kila kitu mwenyewe. Lakini aliacha washirika zaidi ya 70,000 Uingereza na Ireland. Wosia wake uligawa sarafu zitakazokutwa mifukoni na kwenye kabati lake, na ukaagiza maskini sita wabebe jeneza, kila mmoja alipwe pauni moja. Moto wake ulifika huku kwetu pia: wamisionari wa Kimethodisti walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka wa 1862, na mafundisho yake ya utakatifu ni mojawapo ya mizizi ya uamsho wetu wa Kipentekoste.

Sisi je?

Nirudi kwa kamati yetu. Tunajua kuchanga, jameni, hilo hatuwezi kunyimwa. Mtu akilazwa leo, jioni kuna kikundi cha WhatsApp na namba ya kutuma pesa. Lakini nimekaa na orodha hizo miaka kadhaa, na nimeona kitu. Mchango wa dharura humfuata mtu anayejulikana. Mwenye ndugu wengi, mwimbaji wa kwaya, mfanyakazi wa ofisini, simu zinajaa. Mama anayefulia watu nguo, anayeketi benchi la nyuma na hana simu ya maana, orodha yake huishia kwa majina sita. Si kwamba tunamchukia. Hatumjui. Katika Matendo 6 wajane waliosahauliwa hawakusahauliwa kwa chuki, walisahauliwa kwa kukosa utaratibu, na mitume wakaweka utaratibu.

Peni ya Wesley ilimtafuta asiyejulikana, maana mtu alikuwa amepita kwake wiki hiyo. Ndiyo sababu mwezi ujao kamati italeta pendekezo mbele ya kanisa: shilingi hamsini kwa wiki, kupitia kikundi chako cha nyumbani. Washirika 300 wakitoa hivyo ni shilingi 15,000 kwa wiki, 60,000 kwa wiki nne. Kambi ya matibabu haitasubiri tena mfadhili. Asiyeweza hamsini atapitiwa vile vile, kwa sababu yeye huenda ndiye anayehitaji kupitiwa zaidi.

Ya kutendea kazi wiki hii

1. Hesabu mapato yako yalipopanda mara ya mwisho. Nini kiliongezeka, utoaji au matumizi?
2. Kiongozi wa kikundi, andika majina ya watu wako wote. Ni nani hujafika kwake mwezi huu? Mfikie kabla ya Jumapili.
3. Mtembelee mgonjwa mmoja asiye wa ukoo wako wala wa kanisa letu.
4. Daftari la huduma ya huruma litakuwa mezani baada ya ibada. Njoo ulisome, uulize maswali.

Tuombe. Bwana, tupe mikono inayotoa kila juma na miguu inayofika mlangoni. Utuonyeshe yule aliye benchi la nyuma. Tusiwe watu wa kusikia habari za watumishi wako wa zamani na kushangaa tu. Katika jina la Yesu, amina.